Lundo Lililopoa Kabla ya Kuiva

Miaka tisa iliyopita, mwezi wa saba, niliunguza bustani nzima ya mjane bila kiberiti. Niliiunguza kwa mbolea ya kuku ambayo niliikagua kwa mikono yangu mwenyewe, nikasema imeiva, nikasaini kwenye daftari la ugani. Miche ya kabichi zaidi ya mia nne ililala chini ndani ya juma moja. Tena haikuwa bustani ya kuchezea. Shemeji zake walikuwa wanatafuta sababu ya kuichukua, na sababu niliwapelekea mimi.

Nawaandikia ninyi mliobaki ofisini kwa kuwa siku ya kuniaga mlinisifu sana, na hakuna aliyelitaja jambo hili. Wengine mlikuwa bado hamjaajiriwa. Wengine mlikuwepo mkanionea haya. Niache nirudi nyuma kidogo, maana kosa lile lilianza siku nyingi kabla ya kabichi.

Mimi ni mtu wa Kyela, kwenye joto na minazi. Kwetu mvuke hutoka kwenye sufuria. Nilipopangiwa Sumbawanga, msichana mwenye cheti kipya na sweta moja jepesi, niliripoti mwezi wa sita. Asubuhi ya kwanza nilipelekwa kijiji cha Mollo kwa baiskeli. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi, hakuna mti wa kuuzuia, na mbele yangu niliona ardhi inatoa pumzi. Kulikuwa na vichuguu vitano virefu vya samadi, na kila kimoja kilipeleka mvuke wake juu taratibu, ukapinda, ukaingia kwenye ukungu. Kati yavyo alisimama mzee mmoja mwenye koti la mvua. Nilidhani naota. Baridi ile ndiyo iliyonithibitishia kuwa niko macho.

Yule alikuwa Mzee Gaudensi, bwana shamba wa siku nyingi, Mfipa wa hapo hapo, aliyebakiza miaka michache astaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye bibi shamba mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Sweta ni hilo tu?"

"Ndiyo."

"Basi sogea karibu na lundo. Huku kwetu mbolea ina kazi mbili."

Nikasogea. Nilikaa pale mpaka jua lilipotoka, na kwa kweli sehemu kubwa ya nilichojifunza katika utumishi wangu nilijifunza nikiwa nimesimama hivyo, nimeegemeza mgongo kwenye kitu kinachooza.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa panga lililopoteza mpini. Alilichoma mpaka katikati ya lundo, akawasha kiko, akavuta nusu, kisha akalichomoa na kuligusisha shavuni. Likiunguza, lundo lina kazi. Likiwa vuguvugu, geuza. Likiwa baridi, bado usimwamini mtu. Baada ya panga alitumia pua. Mbolea iliyoiva hunuka kama udongo wa mvua ya kwanza, na mbolea ya kuku isiyoiva hukuchoma machoni kama choo cha stendi. La mwisho lilikuwa kopo. Alijaza kopo tupu la maziwa, akamwagilia maji, akapanda mbegu za mchicha, akaliweka dirishani siku kumi.

"Panga linaweza kukudanganya," aliniambia. "Pua yako inaweza kuwa na mafua. Kopo halina sababu ya kusema uongo."

Miaka ile tulitumia zaidi samadi ya ng'ombe, tuliyopewa na jamaa wa Kisukuma waliokuwa wamehamia na mifugo yao pembezoni. Samadi ya ng'ombe ina upole. Ukiikosea inakusamehe. Mambo yalibadilika watu wa mjini walipoanza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Mtaa wa Mazwi wote ukawa unawika. Wafugaji walitandika maranda kutoka kwa mafundi seremala wa Majengo, au pumba za mpunga zilizopanda kutoka bondeni Rukwa, na baada ya miezi kadhaa waliyachota yote, maranda na kinyesi pamoja, wasijue pa kuyapeleka. Majirani walilalamika. Malalamiko yalikuja ofisini, na ofisini nilikuwepo mimi.

Nikawa mtu wa mbolea ya kuku. Niligawa maelekezo yale yale kila mahali: tandaza nyasi kavu chini, weka tabaka la maranda ya kuku, weka majani mabichi, mwagilia mpaka ukifinya mkononi maji yatoke matone mawili tu, funika, geuza kila baada ya majuma mawili matatu. Nilikuwa na baiskeli, baadaye pikipiki, na panga la Mzee Gaudensi aliloniachia alipostaafu. Nilikuwa nalilaza kwenye begi la mafaili. Afisa mmoja mgeni aliwahi kuliona akaniuliza kama eneo langu lina hatari. Nikamwambia hatari ipo, ila inanuka kabla haijafika.

Wakati huo ndipo Mama Leokadia alipokuja ofisini. Alikuwa amefiwa na mume mwaka mmoja kabla. Mumewe alimwachia watoto watatu na kipande cha bustani bondeni Mollo, penye mfereji mdogo usiokauka mpaka mwezi wa kumi. Kipande kilikuwa cha ukoo. Kaka mkubwa wa marehemu, Baba Deo, hakumfukuza. Alimwambia tu maneno haya, ambayo Mama Leokadia alinikariria yalivyo: "Shamba la kaka yangu lisilale. Likilala, linarudi kwetu." Mwaka ule wa msiba lilikuwa limelala nusu.

"Bibi shamba," aliniambia, "mimi nataka kitu cha kuonekana. Mahindi yatawachelewesha kuona. Nataka kabichi. Kabichi inaonekana kutoka barabarani."

Nikampenda tangu siku ile. Mtu aliyejua tatizo lake kwa usahihi wa namna hiyo nilikuwa sijampata hata kwenye semina.

Mwalimu mmoja wa Mazwi alikuwa na maranda ya kuku ya kutupa. Tukayasomba kwa guta, viroba kwa viroba, mpaka Mollo. Mwezi wa tano tukajenga lundo refu kama mtumbwi, tukalifunika kwa nyasi. Siku ya tatu lilikuwa na moto wa kuchemsha yai. Mama Leokadia alikuja asubuhi akakuta paka wa jirani wamelala juu yake, watatu, wamejipanga kama mikate. Tukaligeuza mara moja, tukaligeuza tena. Asubuhi za mwezi wa sita nilipita pale hata nisipokuwa na sababu. Bonde lilikuwa jeupe kwa ukungu, na lundo lilipumua peke yake. Mama Leokadia akiwa upande wa pili na jembe, nilimwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kana kwamba anatembea ndani ya maziwa.

Kisha upepo ukaanza. Mnaujua upepo wa mwezi wa saba hapa Ufipa. Unavuma siku nzima juu ya nyasi, nyasi zinalala na kuinuka, zinalala na kuinuka, ukitazama kwa muda mrefu unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Ulipeperusha kifuniko cha lundo upande mmoja. Mtoto mdogo wa Mama Leokadia aliugua wakati huo huo, akawa anashinda naye zahanati, na majuma mawili hakuna aliyemwagilia. Nilipofika nikachoma panga, nikasubiri, nikaligusisha shavuni. Baridi. Nikanusa, hakuna harufu kali. Maranda yalikuwa meusi.

Kitaluni miche ilikuwa imeshazidi kimo. Barabarani Baba Deo alikuwa amepita siku mbili kabla, akasimama, akatazama tuta tupu, akaendelea na safari yake bila salamu.

"Imeiva?" Mama Leokadia akauliza.

Kopo lingechukua siku kumi. Nikasema, "Imeiva. Tandaza."

Lundo lilikuwa limelala usingizi kwa ukavu, likasubiri maji. Vile viumbe vidogo vinavyoozesha, na makali yote ya kinyesi cha kuku, vilikuwa bado vimo ndani ya maranda. Tulitandaza, tukachanganya na udongo, tukapanda miche, tukamwagilia kwa keni asubuhi na jioni kwa upendo mkubwa. Tuliliamsha lundo kwenye mizizi. Siku ya nne majani yakawa na ukingo wa kahawia. Siku ya saba yalikuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Nilichutama kwenye tuta nikachimba kwa vidole, na udongo ulikuwa na joto. Nilikaa nimeweka kiganja pale, kwenye udongo wenye homa katikati ya baridi ile, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilistarehe, kabla sijakumbuka ni nini kile.

Baba Deo aliitisha kikao hapo hapo bustanini. Walikuja ndugu wa marehemu kama saba, wakasimama kwenye ukingo wa mfereji na makoti yao. Mama Leokadia alisimama peke yake kwenye tuta, kitenge amekikaza kiunoni.

"Shemeji," Baba Deo akasema, "hizi ndizo kabichi za kuonekana kutoka barabarani?"

"Labda zimejilaza kidogo," mdogo wake akadakia. "Zimechoka na safari ya kutoka kitaluni."

Wakacheka. Nilikuwa nimeegesha pikipiki pembeni, na ningeweza kubaki nimesimama pale na kofia yangu ngumu kichwani. Ofisini walikuwa wameshanishauri niandike kwamba sababu ni ukame. Mwezi wa saba Ufipa, nani angebisha?

"Baba Deo," nikasema, "aliyekosea ni mimi."

"Wewe, bibi shamba?"

"Mbolea niliipitisha mimi. Haikuwa imeiva. Yeye alifanya nilivyomwambia, hatua kwa hatua."

"Kwa hiyo serikali imekosea."

"Serikali haikuwepo. Nilikuwepo mimi na panga."

Baba Deo hakuwa mtu mbaya, na ningependa mlielewe hilo. Alikuwa mtu aliyeachiwa ardhi ya baba yake aigawe, na ardhi ilikuwa ndogo kuliko watoto.

"Sasa mnanipa kazi," akasema. "Nimwondoe shemeji, au nikuondoe wewe?"

Wakacheka tena, safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mwishowe akasema: mavuno yakitoka humu kabla ya mwaka mpya, watakaa tena waongee shamba libaki kwa nani. Yasipotoka, wasisumbuane. Wakaondoka wakipandisha kilima mmoja mmoja mpaka nyasi zikawameza.

Nilikuwa na mpango. Nilitaka tumwagilie maji mengi tuoshe makali yashuke chini. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Mama Leokadia alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa.

"Maji yatapeleka utamu wote mferejini," akasema. "Huu udongo umeshiba kupita kiasi. Ukishiba hivi, sisi tunaupa nyasi ule."

Alikuwa anazungumzia ntumba. Ninyi wenyeji mnazijua, wageni mmeziona mkadhani ni makaburi. Mvua zikielekea ukingoni, Wafipa hulima nyasi na mizizi yake, huzikusanya, hugeuza udongo juu yake mpaka kinatokea kichuguu cha duara kinachofika magotini. Nyasi huoza humo ndani kipindi chote cha kiangazi, juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata kichuguu husambazwa. Nilikuwa nimeziona ntumba maelfu. Kwenye daftari langu niliziandika chini ya kichwa "kilimo cha asili", ambalo lilikuwa jina letu la adabu kwa vitu ambavyo hatukuviuliza chochote.

Yeye alitaka kujenga ntumba kwa ule udongo ulioungua, na nyasi kavu ndani, mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekaza. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Ntumba ina msimu wake, na msimu ulikuwa umepita miezi mitatu. Lakini nyasi kavu ni njaa tupu, na udongo wetu ulikuwa na shibe ya kumwaga. Hesabu yake ilikuwa sawa kuliko yangu.

Tulifyeka nyasi siku nne. Tulichota udongo kwa chepe, tukapanga tabaka, tukafunika. Ntumba kumi na tisa. Kila asubuhi alizimwagilia ndoo kwa ndoo ili zisilale kama lundo lile. Wanawake waliokwenda kuteka maji walipunguza mwendo.

"Mama Leo, ntumba ya mwezi wa nane? Unamzika nani?"

"Nazika kabichi," akawajibu. "Karibuni matanga yao."

"Na huyo bibi shamba naye analia msiba?"

"Huyo ndiye aliyeua. Mwacheni achimbe."

Walicheka mpaka wakatua ndoo. Mmoja wao, mama mnene aliyekuwa mchokozi kuliko wote, kesho yake alikuja na jembe.

Safari hii nilijaza makopo. Nilichota udongo wa kila ntumba ya tatu, nikapanga makopo dirishani kwangu Majengo, nikapanda mchicha. Kwenye makopo ya kwanza mchicha uliota ukageuka njano. Nikaandika. Majuma matatu baadaye nikarudia, ukasimama lakini ukadumaa. Nikaandika. Mwisho wa mwezi wa tisa nikapanda tena, na siku ya tano niliamka nikakuta dirisha lina ukingo wa kijani, majani mawili mawili yameelekea kwenye kioo. Nilikunywa chai nikiyatazama mpaka nikachelewa kazini, jambo ambalo mnajua halikuwa kawaida yangu.

Tulizisambaza ntumba mwezi wa kumi. Udongo ulikuwa mweusi, unamomonyoka, una minyoo. Maranda yalikuwa hayaonekani tena, isipokuwa hapa na pale kipande kilichojikunja, ambacho ukikishika kinakuwa vumbi. Miche mipya ikaingia. Mvua zikaja kwa wakati wake, mawingu yakitambaa juu ya uwanda kwa utulivu kama ng'ombe wanaorudi bila mchungaji. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili kabichi zilionekana kutoka barabarani. Dereva mmoja wa guta alisimama kuuliza ni za nani.

Baba Deo alikuja siku mbili kabla ya Krismasi. Nilikuwepo. Alitembea mstari wa kwanza mpaka mwisho, akarudi kwa mstari wa pili, akiinama kugonga kabichi kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

"Zimekaza," akasema.

"Zimekaza, shemeji," Mama Leokadia akajibu. "Chagua mbili za nyumbani."

Akachagua mbili, akaziweka kwapani kila upande. Alipofika barabarani akageuka. "Tutakaa," akasema. "Tule sikukuu kwanza, halafu tutakaa."

Hawajakaa. Mwaka ule baada ya sikukuu kulikuwa na msiba upande wa mke wake. Mwaka uliofuata ulikuwa wa arusi ya Deo. Kila kabla ya Krismasi anakuja, anagonga, anachukua mbili, anasema tutakaa. Mara moja nilimuuliza Mama Leokadia kwa nini asiitishe kikao yeye mwenyewe, ajue moja. Alikuwa anageuza lundo, mvuke umemfunika uso.

"Bibi shamba, nikiitisha mimi, watalazimika kuamua," akasema.

Tangu hapo amefanya kilimo chake cha kuchanganya kila mwaka: lundo la maranda ya kuku mwezi wa tano, na kinachobaki anakizika kwenye ntumba pamoja na nyasi, kwa msimu wake sasa. Wenzake wa Mollo wamemwiga. Mnapopita na pikipiki zenu mkaona ntumba zinazotoa mvuke kidogo asubuhi, ni hizo. Kwenye taarifa zetu bado hazina jina. Niliandika maelezo yake kurasa sita, yamo kwenye faili la kijani, rafu ya chini. Yasomeni kabla panya hawajamaliza.

Juma lililopita nilikwenda kumuaga Mama Leokadia. Mvua zinaelekea ukingoni na amejenga ntumba ishirini na sita, za duara, zimejipanga mpaka mferejini. Baba Deo sasa anatembea kwa fimbo na hatoki sana nyumbani. Upande wa chini wa bustani nilikuta vigingi vinne vipya vya mti, vimepigiliwa kwa mstari ulionyooka kukatiza katikati ya ntumba zake. Watoto wa Baba Deo walivipigilia Jumapili, Mama Leokadia akiwa kanisani. Hakuna aliyemwambia ni vya nini, naye hajauliza. Amepanda maharage pande zote mbili.